Zombi ‘anakuja’ au ‘linakuja’? Historia ya wafu watembeao katika hadithi za katuni

Likizo iliyopita mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alikuja kututembelea akiwa na kitabu kinene kuliko kamusi yangu ya mezani. Kumbe kilikuwa kitabu cha katuni. Picha zake zote ni nyeusi na nyeupe, na ndani yake watu waliochoka, wachafu, wenye njaa, wanakimbizwa na maiti zinazotembea. Alikisoma siku tatu mfululizo. Alikisoma mezani, alikisoma kitandani, na nilipomtuma dukani alikwenda nacho. Siku ya tatu akaniuliza: “Babu, kwa Kiswahili tunasema zombi anakuja ama zombi linakuja?”

Mimi nimefundisha isimu zaidi ya miaka thelathini. Swali la ngeli halinitoi jasho. Nikamjibu upesi: “Linakuja. Ni ngeli ya LI-YA, kama zimwi.” Basi akafungua ukurasa mmoja, akaweka kidole juu ya picha. “Na huyu je? Huyu ni mtoto. Ameshakufa, akafufuka zombi. Babake amemfunga mnyororo nyumbani na anamlisha kila siku. Babake naye atasema ‘lina njaa’?”

Nilinyamaza. Kitabu nilichokuwa nimekidharau kilikuwa kimeniuliza swali ambalo sarufi zangu zote hazijalijibu. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu. Ninanuia kuonyesha kwamba utamu wa hadithi hizi za kunusurika, ambazo vijana wetu na vijana wa mabara mengine wanazisoma bila kushiba, unatokana na swali hilo hilo: ni wakati gani mtu huacha kuwa ‘a’ akawa ‘li’? Aidha, ninataka kuonyesha kwamba neno zombi lenyewe lilitoka kwa watu waliofanyiwa hivyo wakiwa hai.

Tuanzie nyumbani. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi wetu hutumia methali hii kueleza kwamba adui wa karibu atakuachia angalau kidogo. Mimi leo ninautazama upatanisho wake. Zimwi linakujua, lina akili ya kukumbuka, huenda hata lina huruma ya kubakiza, lakini bado ni ‘li’. Wanaisimu wa Kibantu hulihusisha neno hili na shina moja la kale, ambalo limezaa mzimu wetu wa Kiswahili, irimũ wa hadithi za Wagikuyu na izimu la Wazulu. Mzimu ni roho ya mfu. Zimwi ni dude linalokula watu. Shina ni moja, lakini mmoja anapewa tambiko na mwingine anakimbiwa. Inaonekana watu wetu walijua tangu zamani kwamba kati ya mfu unayemheshimu na mfu unayemwogopa hakuna ukuta mrefu.

Tazama pia maiti. Darasani tunafundisha kwamba maiti huchukua upatanisho wa A-WA, kwa kuwa alikuwa mtu. Lakini sikiliza redio: “maiti imepatikana kando ya mto.” Ngeli imeteleza. Na si wafu peke yao wanaoteleza. Mtu tukimkuza kwa chuki anakuwa jitu, mwizi anakuwa jizi. Umati unapomshika kijana barabarani na mtu akapaza sauti, “Jizi limeshikwa!”, sarufi imeshatangulia kufanya kazi ambayo mawe na matairi yatakuja kuimaliza.

Sasa tuvuke bahari. Neno zombi halikuzaliwa Hollywood. Wataalamu wengi wanalifuatilia hadi Afrika ya Kati magharibi, katika lugha za Kibantu za eneo la Kongo na Angola. Wapo wanaolihusisha na nzambi, jina la Mungu katika Kikongo. Wengine wanataja mvumbi, yaani maiti, au nzumbi ya Kimbundu, ambayo ni roho ya mfu. (Msomaji asikimbilie kusema kwamba vumbi letu ndilo mvumbi yao, kufanana kwa sauti si undugu.) Kwa Kiingereza, kumbukumbu ya mapema inayotajwa sana ni ya mwaka wa 1819, katika kitabu cha Robert Southey kuhusu historia ya Brazili. Humo neno hilo si jina la mfu kamwe. Linamhusu kiongozi wa Palmares, taifa la watumwa waliotoroka na kujitawala msituni. Kiongozi mashuhuri wa Palmares, Zumbi, aliuawa na Wareno mwaka wa 1695. Yaani huko neno hili lilimhusu mtu aliyekataa katakata kuwa mali ya mwingine.

Maana tunayoijua leo ilikomaa katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, ambalo ndilo Haiti ya leo. Kabla ya mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1791, koloni hilo dogo lilikuwa na watumwa karibu 500,000, wengi wao wazaliwa wa Afrika, na sehemu kubwa ya hao ilitolewa eneo la Kongo. Walilima miwa na kahawa, wakasaga sukari iliyotia utamu chai ya Ulaya. Walikufa upesi, na waliokufa nafasi zao zilijazwa na mateka wapya kutoka melini. Miongoni mwao kulikuwa na tumaini moja: kwamba mtu akifa, roho yake itarudi Guinea, maana yake Afrika, kwa jamaa zake. Kifo kilikuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Zombi ni yule aliyenyimwa hata nauli hiyo. Amekufa, amezikwa, kisha mchawi anamfukua na kumrudisha shambani, bila nia, bila kumbukumbu, bila ujira. Katika imani ya Haiti, hofu haikuwa kukutana na zombi. Hofu ilikuwa kufanywa zombi. Zombi hali mtu. Zombi analima. Tena inaaminika kwamba bwana wake humlisha chakula kisicho na chumvi, kwa sababu akiionja chumvi fahamu humrudia, anatambua kwamba amekufa, na anashika njia kwenda kulitafuta kaburi lake. Ukiichunguza vizuri, hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Ni hoja kuhusu utumwa, iliyotolewa na watu ambao hawakuruhusiwa kutoa hoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kunitangulia. Jirani zetu Watanzania wana msukule: mtu anayedhaniwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe, kwa mujibu wa imani hiyo, amefichwa na mchawi na analimishwa usiku. Ninasema imani, wala sisemi zaidi. Kinachonivutia ni sarufi yake. Umoja ni msukule, na sikio linatarajia wingi uwe wasukule, kama mtu na watu. La! Wingi ni misukule, kama mti na miti. Halafu ukiwasikiliza wasemaji, mmoja atasema “misukule wamepatikana” na mwingine “misukule imepatikana”. Lugha yenyewe haijaamua. Mhaiti na Mtanzania hawakukaa kitako kushauriana, lakini wote wawili wanamwona yule mfu kama mfanyakazi. Wala Kiswahili hakina mikono safi katika mambo haya: mtwana tulimpunguza akawa kitwana, mjakazi akawa kijakazi.

Sasa, imekuwaje mfu huyu mkulima akawa mla watu katika kitabu cha mjukuu wangu? Historia hiyo ina hatua chache zilizo wazi.

Hatua ya kwanza ni ya kijeshi. Marekani iliikalia Haiti kuanzia mwaka wa 1915 hadi 1934. Katika miaka ya mwanzo wakulima wa Haiti walikamatwa na kulazimishwa kujenga barabara, kwa kutumia sheria ya zamani ya kazi ya shuruti. Ni katika kipindi hicho mwandishi Mmarekani William Seabrook alitembelea kisiwa hicho na mwaka wa 1929 akachapisha The Magic Island, kitabu kilichowapa Wamarekani wengi zombi wao wa kwanza. Sura inayokumbukwa zaidi inasimulia juu ya wafu wanaofanya kazi katika mashamba ya miwa ya kampuni ya Wamarekani. Siku moja wanapewa vitafunio vyenye karanga za chumvi, wanazinduka, wanapanda mlima kwenda makaburini kwao. Miaka mitatu baadaye, 1932, ikaja filamu ya White Zombie, akiigiza Bela Lugosi. Ndani yake mna kinu cha sukari kinachozungushwa na wafu. Mmoja anatumbukia kinuni na wenzake wanaendelea kusukuma. Hadi hapo kazi ilikuwa bado inaonekana. Lakini uchungu wa hadithi ulikuwa umekwisha kuhamishwa: kiini cha filamu ni mwanamke wa Kizungu aliyegeuzwa zombi, na wale weusi wa kinuni wamebaki kuwa mandhari.

Hatua ya pili ni ya wachapishaji wa katuni. Miaka ya mwanzo ya 1950 magazeti ya katuni za kutisha yalijaa vibandani Marekani, na maiti zilizotoka makaburini kulipiza kisasi zilikuwa wahusika wa kila wiki. Daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham akaandika kitabu mwaka wa 1954 akidai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Kamati ya Seneti ikafanya vikao. Kwa kuogopa serikali, wachapishaji wenyewe wakaunda kanuni zao mwaka huo huo, na kanuni hizo zikapiga marufuku wafu watembeao, wanyonya damu na mbwamwitu wa kibinadamu.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa fasihi hawezi kulipita. Mwaka wa 1971 kanuni zililegezwa. Wanyonya damu na wenzao wakaruhusiwa, kwa hoja kwamba wanapatikana katika kazi za fasihi zinazoheshimika, kama vile Dracula na Frankenstein. Zombi hakuruhusiwa. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na kitabu kikubwa cha kumdhamini. Alikuwa mtoto wa fasihi simulizi ya watumwa weusi, na simulizi hazikuhesabiwa kuwa fasihi! Kampuni ya Marvel ikapata njia ya panya: ikawaita wafu wake “zuvembie”, neno lililotumiwa na mwandishi Robert E. Howard katika hadithi yake moja. Maiti ni yule yule, jina tu limebadilishwa ili mkaguzi aridhike. Mwaka wa 1973 kampuni hiyo hiyo ikatoa Tales of the Zombie katika umbo la jarida kubwa la rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa majarida hayakubanwa na kanuni za katuni. Mhusika mkuu, Simon Garth, ni tajiri wa kahawa aliyeuawa na kufufuliwa awe mtumwa. Bwana shamba ndiye sasa zombi. Sijui kama wasomaji wa wakati huo waliihisi kejeli hiyo, Mhaiti angeihisi.

Lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti juu ya katuni. Nilimrudishia siku iyo hiyo. Nilimwambia, “Hizi hazina fasihi ndani. Nenda utafute riwaya.” Ukiyalinganisha maneno yangu na yale ya kamati ya mwaka wa 1971, utaona tofauti ni miaka tu.

Hatua ya tatu ilitokea karibu na mji wa Pittsburgh. Mwaka wa 1968 George Romero, kijana mwenye bajeti ndogo, alitoa filamu ya Night of the Living Dead. Maiti zinafufuka bila mchawi, bila bwana, bila shamba, na zinakula watu. Ndani ya filamu hawaitwi zombi. Hilo ni jina walilopachikwa baadaye. Watu wachache wanajifungia katika nyumba moja ya shambani, na badala ya kushirikiana wanagombana. Mwenye busara zaidi kati yao ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi. Ananusurika usiku kucha. Asubuhi kundi la wanaume wenye bunduki, waliokuja kuua maiti, linampiga risasi, na mwili wake unakokotwa kwa kulabu za nyama na kutupwa katika lundo la kuchomwa. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Oktoba. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili mwaka huo. Walimwona ‘li’ dirishani. Hawakuuliza.

Kulikuwa pia na ajali ya kisheria iliyoamua mambo mengi. Filamu ilipobadilishwa jina kabla ya kutolewa, ilani ya hakimiliki iliondoka pamoja na jina la zamani, na kwa sheria ya wakati huo kazi ikawa mali ya umma. Tangu hapo mtu yeyote aliweza kumchukua mfu wa Romero bila kumlipa mtu. Ndiyo maana yupo kila mahali.

Waliomchukua ni pamoja na Robert Kirkman na mchoraji Tony Moore. Oktoba 2003, kupitia kampuni ya Image, walitoa toleo la kwanza la The Walking Dead, kitabu alichokuja nacho mjukuu wangu. Kuanzia toleo la saba mchoraji akawa Mwingereza Charlie Adlard, na hakushuka tena hadi mwisho. Kirkman amesimulia kwamba kampuni ilikuwa na wasiwasi na hadithi ya zombi watupu, basi akaidanganya kwamba mbele watagunduliwa viumbe wa sayari nyingine waliosababisha yote. Hawakugunduliwa kamwe. Toleo la kwanza lilichapishwa nakala zipatazo 7,000. Toleo la 100, la mwaka wa 2012, liliagizwa nakala zaidi ya 350,000. Mwaka wa 2010 ukaanza mchezo wa televisheni uliokwenda misimu kumi na mmoja.

Siri ya mvuto huo ni nini? Ninaona mambo matatu.

La kwanza ni muda. Kirkman alikuwa na malalamiko juu ya filamu za zombi: zinakwisha pale ambapo yeye anataka kujua zaidi. Watu wametoroka, helikopta imeruka, taa zinawashwa. Je, kesho yake walikula nini? Yeye akaandika kesho hiyo kwa takriban miaka kumi na sita. Rick Grimes, askari polisi wa Kentucky, anazinduka hospitalini na kukuta dunia imekwisha. (Mwanzo wa namna hiyo aliwahi kuutumia John Wyndham katika riwaya yake ya mwaka wa 1951.) Kuanzia hapo maswali ni ya kila siku: maji yako wapi, nani atalinda lango usiku, mgeni akibisha afunguliwe au asifunguliwe. Hakuna mkopo, hakuna kodi ya nyumba, hakuna mkubwa wa kazi. Kwa kijana anayeambiwa kila siku kwamba bila alama fulani maisha yake yamekwisha, dunia ambamo anayejua kupanda maharagwe na kuziba ukuta ndiye mtu wa maana ina utamu wake. Tusiucheke utamu huo.

La pili ni umbo la katuni lenyewe. Katika filamu mtengenezaji ndiye mwenye saa. Katika katuni saa iko mikononi mwa msomaji. Kisanduku kimoja shoka limeinuliwa, kisanduku kinachofuata kuna kelele. Pigo lenyewe halikuchorwa. Scott McCloud, mchoraji na mwananadharia, alieleza mwaka wa 1993 kwamba katika pengo lile jeupe kati ya visanduku msomaji ndiye anayeua, kila mmoja kwa namna yake. Ongeza juu ya hayo kwamba mshtuko mara nyingi huwekwa nyuma ya ukurasa. Lazima mkono wako ufunue. Mjukuu wangu alikuwa akisita hapo, kidole kikiwa pembeni mwa karatasi, na mimi nilimwona.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni ngeli. Hadithi hizi humpa msomaji kibali cha kupiga bila kutubu. Adui hana jina, hana mama, hahisi uchungu. Ni ‘li’, piga kichwa. Kibali hicho ni hatari, nasi tunajua yanayotokea kibali kama hicho kinapotolewa redioni au mkutanoni. Kitabu cha Kirkman kinatoa kibali, halafu kinarudi kukidai. Mzee Hershel amewafungia wafu ghalani kwake, akiwemo mwanawe mwenyewe, kwa sababu hajakubali kwamba si watu; anadhani ni wagonjwa. Gavana, mkatili kuliko wote, ana binti mfu anayemtunza kwa upendo wa kuchukiza, huku akiwatesa walio hai. Na Morgan ndiye yule baba wa mnyororo. Rick anapogundua kwamba kila mtu anayekufa atafufuka, awe ameumwa au hajaumwa, anarudi mbio ndefu hadi kwenye kaburi la Shane, rafiki yake wa zamani, ili ammalize mara ya pili. Hakuna aliyemlazimisha aende. Baadaye, gerezani walikojificha, anawaambia wenzake kwamba wafu watembeao wa kweli ni wao. Kufikia hapo msomaji ameshahesabu: vifo vinavyouma zaidi, kikiwemo cha mkewe Rick na mtoto mchanga, vimeletwa na watu walio hai wenye bunduki. Zimwi lisilokujua unaliziba kwa ukuta. Likujualo ndilo linalokula likamaliza. Methali imegeuzwa kichwa chini, na ndiyo maana inatisha.

Naomba msomaji aniruhusu nitoke vitabuni kidogo. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, tulimzika kaka yangu mkubwa. Waliomleta walikuwa wamevaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi nyayoni, macho tu yakionekana nyuma ya plastiki. Jamaa wachache tuliruhusiwa, tukasimama mbali. Hatukumwosha, hatukumwona uso. Mmoja wao, kijana tu, akawaambia wenzake, “Ishusheni upesi.” Simlaumu. Alikuwa na hofu kama yetu, tena yeye ndiye aliyekuwa karibu na hatari. Lakini mama yetu, aliyekuwa amepita miaka tisini na ambaye hajapata kuingia darasa la sarufi, alisema kwa sauti ndogo ambayo wote tuliisikia: “Mshusheni polepole.” Wale vijana walisimama kidogo. Kisha wakamshusha polepole.

Nilipokuwa nikisoma kitabu cha mjukuu wangu nilirudi pale kaburini mara nyingi. Nikaelewa kwamba kitabu hiki hakiwafundishi watoto kuogopa maiti. Kinawauliza watafanya nini wakati hofu itakapowaambia wabadilishe ngeli. Sisi tuliokuwa hai mwaka wa 2020 tumeshafanya mtihani huo, na si wote tuliopita.

Hadithi yenyewe ilikwisha Julai 2019, katika toleo la 193, bila taarifa. Hata majalada ya matoleo ya uongo yalikuwa yametangazwa ili wasomaji wasishuku. Rick ameuawa, si na mfu, bali na kijana wa tabaka la watawala katika jamii mpya iliyoanza kuwapanga watu kwa vyeo. Toleo la mwisho linaruka miaka mingi mbele. Amani imerudi, zombi wamebaki wachache, na watoto hawawajui. Carl, mwana wa Rick, sasa ni mtu mzima mwenye familia. Anamwona zombi karibu na nyumbani kwake na kumuua. Kumbe zombi yule alikuwa na mwenyewe! Anamilikiwa na kijana anayewazungusha wafu kama maonyesho ya kulipiwa kiingilio. Carl anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuharibu mali ya mtu.

Kuharibu mali. Sina hakika kama Kirkman alikuwa akiifikiria Saint-Domingue alipoandika toleo hilo, lakini hadithi imerudi ilikotoka. Zombi ameanza akiwa mtu aliyefanywa mali shambani, akazunguka kwenye filamu na marufuku na vibanda vya magazeti, na mwishoni kabisa amesimama mahakamani akiwa mali tena, ana mwenyewe, analeta faida.

Kwa wenzangu walimu, nina ombi moja. Mwanafunzi akileta kitabu cha katuni, tusikitupe kabla ya kukifungua. Kwa mfasiri atakayejaribu kuziandika hadithi hizi kwa Kiswahili, ningependa asiamue ngeli moja akaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kiingereza kina njia yake ya kusema kitu na mtu, lakini chetu hujionyesha katika kila kitenzi. Mlinzi wa lango aseme “linakuja”, baba wa mnyororo aseme “ana njaa”, na msomaji aisikie vita ndani ya sentensi. Na kwa yule mwanafunzi wa uzamili, ambaye aliandika juu ya riwaya kama nilivyomwamuru na akafaulu vizuri: nilikosea. Niwie radhi.

Siku aliyoondoka, mjukuu wangu alikumbusha kwamba sijamjibu. Nikamwambia kwamba yule baba atasema ‘ana njaa’, na jirani yake atasema ‘lina njaa’, na wote wawili Kiswahili chao ni sanifu.

“Na mtihani ukija, Babu?”

Nikamwambia aandike A-WA. Akikosa alama hiyo moja, aje anidai mimi.